Kufuatilia ukoo na historia ya kijiji cha Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni wa kila namna. Wapo waliooa au kuolewa Uingereza na sasa watoto wanataka kujua upande wa pili wa ukoo wao. Wapo ambao babu alikuwa mmisionari au karani wa serikali ya kikoloni. Wapo pia waliozaliwa Leicester au Reading, wanaojua habari za Lamu au Tabora kwa bibi yao lakini upande wa mzazi wa Kiingereza ni giza tupu. Majibu nimeyafunga kwenye kijiji kimoja, Eyam, kilichoko vilimani katika kaunti ya Derbyshire (hutamkwa "Iim"), kwa sababu karibu kila aina ya karatasi inayopatikana nchini humo ina mfano wake pale.

Jambo moja ulishike mapema, maana ndilo linaloeleza kwa nini karatasi fulani ipo na nyingine haipo. Mwingereza wa kijijini wa zamani aliandikwa pale palipokuwa na fedha: alidaiwa, alirithi, au wenzake waliogopa kwamba watamlisha. Kila ukikwama, jiulize nani alikuwa analipa.

Nianzie wapi?

Kwa walio hai, kabla hujalipia tovuti yoyote. Kaa na mzee umuulize majina ya kina mama kabla ya kuolewa. Kule mke huchukua jina la mume, kwa hiyo upande wa kukeni ndio unaopotea kwanza. Uliza dhehebu, maana Mwanglikana na Mmethodisti hawakuandikwa katika kitabu kimoja. Geuza picha za zamani usome nyuma yake. Kama kuna Biblia ya familia, fungua kurasa za mwanzo. Wengi waliandika humo tarehe za watoto wao.

Kisha rudi nyuma hatua moja moja, kutoka kwa unayemjua kwenda kwa usiyemjua. Wanaopotea ni wale wanaoruka: wamemkuta mtu wa karne ya 17 mwenye jina kama lao, basi wanashuka naye mpaka kwa babu yao kwa kulazimisha. Kwa njia hiyo unaweza kujiunganisha na yeyote, hata mfalme.

Vyeti vya serikali vinaanzia lini, na vinasema nini?

Uingereza na Wales, tarehe 1 Julai 1837. Scotland ina utaratibu wake, ulioanza 1855. Cheti cha kuzaliwa hutaja mama kwa jina lake la awali. Cheti cha ndoa hutaja baba wa pande zote mbili na kazi zao. Kina mama waliachwa nje ya cheti hicho mpaka Mei 2021. Cheti cha kifo hutaja umri, sababu ya kifo na aliyetoa taarifa. Huyo mtoa taarifa msome vizuri, mara nyingi ni binti aliyeolewa ambaye hukujua kwamba yupo.

Tahadhari mbili. Kabla ya 1875 mzazi hakuadhibiwa kwa kutoandikisha mtoto, hivyo wengine hawamo kabisa. Na kumbukumbu zimepangwa kwa wilaya za usajili, si kwa vijiji. Mtoto wa Eyam utamkuta chini ya Bakewell, na watu wengi wamekwenda kuupekua mji wa Bakewell bure wakati babu yao hakuwahi kulala hata usiku mmoja pale.

Kwa nini kila mtu anasisitiza parokia badala ya kijiji?

Kwa sababu parokia ilikuwa kanisa na serikali ya mtaa kwa pamoja. Ilibatiza na kuzika, na pia ilitoza kodi ya maskini, ikatengeneza barabara na kuamua nani ni mwenyeji. Parokia ya Eyam ilihusisha pia vitongoji kama Foolow na Eyam Woodlands, kwa hiyo mtu wa Foolow usishangae kumkuta kwenye rejista ya Eyam. Kabla ya kutafuta jina la mtu, pata ramani ya mipaka ya parokia na majina ya parokia zinazoizunguka. Vijana walioa kijiji cha jirani, na ndoa kwa kawaida ilifungwa kwa bibi harusi.

Sensa zinasaidia vipi?

Sana, mradi usiziamini kama msahafu. Sensa zilianza 1801, kila miaka kumi, lakini majina ya watu wote tunayo kuanzia 1841. Mwaka huo umri wa waliozidi miaka 15 ulishushwa hadi kwenye kigawe cha tano, kwa hiyo mtu wa miaka 39 aliandikwa 35. Uhusiano wa wakazi wa nyumba haukuandikwa, na mahali pa kuzaliwa paliulizwa tu kama ni ndani ya kaunti au la. Tangu 1851 mambo ni mazuri zaidi: unaona nani ni mkuu wa nyumba, nani mkwe, nani mpangaji, na kila mmoja kazaliwa parokia gani.

Sensa ya 1911 ina swali lenye uchungu. Wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa watoto wangapi walio hai, wangapi bado wapo, wangapi wamekufa. Fomu zilizohifadhiwa ni zile zile zilizojazwa nyumbani, kwa mwandiko wa mwenye nyumba. Utakuta mstari "9, 5, 4" na hapo hapo unajua kuna makaburi manne ya watoto ambayo hakuna aliyekusimulia.

Sensa hufungwa kwa miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 iliungua kwa moto Desemba 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Kwa hiyo baada ya 1921 hakuna nyingine ya kusubiri mpaka ile ya 1951, itakayofunguliwa 2052. Pengo hilo huzibwa kwa kiasi na Rejista ya 1939, iliyoandikwa tarehe 29 Septemba mwaka huo kwa ajili ya vitambulisho na mgao wa chakula wakati wa vita.

Na kabla ya 1837?

Hapo unaingia kwenye vitabu vya kanisa. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Vichache vimebaki tangu mwanzo huo. Mwaka 1598 ikaamriwa vinakiliwe kwenye ngozi, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Nakala hizo za askofu ni akiba nzuri pale kitabu chenyewe kimeliwa na panya au mwandishi alikuwa mvivu. Rejista ya Eyam inaanza 1630.

Katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala wa Cromwell mwingine, Oliver, karne ya 17, vitabu vingi vina mapengo. Usimlaumu babu yako kwa kutobatizwa.

Sheria mbili zinabadilisha unachokiona. Kuanzia 25 Machi 1754 ndoa ililazimika kufungwa kanisani mwa Kianglikana, isipokuwa kwa Wayahudi na Wakweka, na wahusika walitia saini au alama ya X. Hiyo X iliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka pengine ndiyo kitu pekee duniani ambacho bibi yako wa tano alikigusa na bado kipo. Kuanzia 1813 vikaja vitabu vilivyochapwa fomu: ubatizo ukawa na makazi na kazi ya baba, maziko yakawa na umri. Kabla ya hapo mara nyingi ni "John mwana wa John", basi. Kijiji kikiwa na akina John watatu, kazi unayo.

Mtoto alibatizwa Novemba 1700 na kuzikwa Februari 1700. Amezikwa kabla ya kuzaliwa?

Hapana. Mpaka 1752 mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi. Februari 1700 kwa hesabu yao inakuja baada ya Novemba 1700. Sisi tungeiita Februari 1701. Watafiti huandika 1700/1 ili kuondoa utata. Na usitafute tukio lolote kati ya tarehe 3 na 13 Septemba 1752: siku hizo ziliondolewa kwenye kalenda, watu walilala tarehe 2 wakaamka tarehe 14.

Mbona jina letu limeandikwa namna nne tofauti?

Aliyekuwa akiandika ni mchungaji au karani, kwa sikio lake. Mwenye jina hakujua kusoma, angemsahihisha vipi? Morten na Morton, Hancock na Handcock, ni watu wale wale. Majina ya kwanza yalifupishwa: Wm ni William, Jas ni James, Jno ni John. Rejista za Kilatini zina Gulielmus kwa William na Jacobus kwa James. Tovuti nyingi hukubali alama ya nyota mahali pa herufi usizo na uhakika nazo. Itumie bila huruma.

Ukoo wangu ulikuwa wa vibarua tu. Kuna chochote kilichobaki?

Kipo, na mara nyingine kingi kuliko cha mkulima wa kati aliyelipa kodi zake na kunyamaza. Hapa ndipo lile swali la nani analipa linapozaa matunda.

Tangu sheria ya 1601 kila parokia ilitakiwa kuwalisha maskini wake kwa kodi iliyotozwa wenye mali wa papo hapo. Kwa hiyo kila parokia ilikuwa na hamu ya kuthibitisha kwamba maskini fulani si wake. Sheria ya 1662 ikaweka masharti ya uenyeji, yakaongezwa baadaye: mtu alipata haki ya uenyeji kwa baba yake, mke kwa mumewe, kijana kwa kufundishwa ufundi pale, mtumishi kwa kuajiriwa mwaka mzima, au mpangaji kwa kupanga mali ya paundi 10 kwa mwaka. Asiye na mojawapo aliweza kurudishwa kwao.

Mtu akiomba msaada, au akionekana tu kwamba ataomba, aliitwa mbele ya mahakimu wawili akaapishwa aeleze maisha yake: kazaliwa wapi, kaajiriwa na nani, kwa mshahara gani, kaondoka lini, kaoa wapi, watoto wangapi na umri wao. Karani akaandika yote. Kwa mtu ambaye hakuacha barua wala picha, karatasi hiyo ni wasifu mzima, na imebaki kwa sababu tu parokia mbili zilikuwa zinagombana juu ya shilingi chache kwa wiki. Pamoja nayo tafuta amri za kuhamishwa, ambazo hutaja parokia ya kutoka na ya kwenda, na hesabu za wasimamizi wa maskini: viatu vya mjane fulani, kuni, jeneza, chupa ya pombe kwa wabeba jeneza.

Sheria ya 1697 iliongeza udhalilishaji. Anayepokea msaada alitakiwa kushona begani kulia herufi P ya kitambaa chekundu au cha buluu, pamoja na herufi ya kwanza ya parokia yake, kijiji kizima kione. Mwaka 1834 mfumo ukabadilishwa, parokia zikaunganishwa, na maskini wakapelekwa kwenye nyumba za kazi, yaani makazi ya maskini ambako walilishwa kwa kufanyishwa kazi. Eyam iliingia kwenye muungano wa Bakewell.

Mtoto ameandikwa bila baba. Ndiyo mwisho wa njia?

Si lazima. Mtoto wa nje ya ndoa alikuwa mzigo wa parokia, kwa hiyo parokia ilimsaka baba kwa bidii kuliko shangazi yeyote. Mama alihojiwa, na baba akipatikana alitia saini dhamana ya kumtunza mtoto. Karatasi hizo, pale zilipobaki, ziko pamoja na za maskini. Angalia pia jina la kati: mtoto aliyebatizwa kwa jina la ukoo usiojulikana, mathalani George Furness fulani, huenda anabeba jina la baba ambalo mama hakuruhusiwa kuliandika mahali pengine. Hiyo ni dalili. Ushahidi bado utautafuta.

Nimeambiwa ukoo wetu ulinusurika tauni ya Eyam. Nitathibitishaje?

Swali hili huulizwa kuliko yote kuhusu kijiji hiki, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Mapema Septemba 1665 fundi nguo Alexander Hadfield alipokea kitambaa kutoka London, ambako tauni ilikuwa inaua maelfu. Inasimuliwa kwamba kitambaa kilikuwa kimelowa, kikaanikwa motoni, na viroboto wakatoka. Msaidizi wake, George Viccars, alizikwa tarehe 7 Septemba. Katika nyumba ile ile wakafuata Edward na Jonathan Cooper, watoto wa mke wa Hadfield kwa ndoa ya kwanza, na baadaye Hadfield mwenyewe. Mary, mama wa watoto hao, alinusurika. Tazama kilichopo hapo kwa mtafiti: nyumba moja, majina matatu ya ukoo. Anayetafuta "akina Hadfield" peke yake hatamwona mtoto hata mmoja.

Kiangazi cha 1666 tauni ilipopamba moto, mchungaji William Mompesson, akisaidiwa na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwashawishi wanakijiji wasitoke ili wasiusambaze ugonjwa. Stanley alikuwa ameondolewa kazini kwa kukataa kitabu rasmi cha sala, na bila yeye wengi wasingemsikiliza kijana mgeni kama Mompesson. Ibada zikahamishiwa nje, kwenye bonde la Cucklet. Chakula kiliachwa mpakani, na fedha za malipo zikawekwa kwenye mashimo ya jiwe yaliyotiwa siki. Jiwe lenyewe bado lipo na mashimo yake. Maziko ya kanisani yalisimama, kila familia ikazika watu wake. Elizabeth Hancock, katika siku nane za Agosti, alimzika mumewe na watoto sita kwenye shamba la Riley. Mke wa Mompesson, Catherine, alikufa mwezi huo huo. Abraham Morten, aliyekufa 1 Novemba, huhesabiwa wa mwisho. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni waliokufa 260, lakini wakazi walikuwa wangapi ni suala la mabishano: wapo wanaosema 350, wapo wanaofikia zaidi ya 700, na tofauti hiyo inabadilisha kabisa maana ya neno "kunusurika".

Sasa uthibitisho. Rejista tuliyo nayo ya miaka hiyo ni nakala iliyoandikwa baadaye, si kitabu kilichokuwa mezani kwa Mompesson, kwa hiyo izingatie kama shahidi wa pili. Ilinganishe na kodi ya meko, iliyotozwa kati ya 1662 na 1689 kwa idadi ya meko ya kila nyumba (tumerudi kwenye fedha), ambayo inaonyesha nani alikuwa mwenye nyumba kabla na nani baada ya tauni. Halafu ushuke kutoka kwako mpaka 1666 bila kuruka hata kizazi kimoja. Kufika karne ya 18 ni kazi ya kawaida. Kutoka hapo hadi 1666 ndipo wengi hukwama, kwa kuwa majina ni machache na yanajirudia. Kuwa na jina la ukoo lililomo kwenye orodha ya waliokufa si uthibitisho wa lolote. Wapo watafiti waliowahi kupima vinasaba vya wazawa wa Eyam wakitafuta kinga dhidi ya tauni. Uhusiano wa jeni waliyoizungumzia na tauni umepingwa na wengine, kwa hiyo usiitegemee katika nasaba.

Wosia nitaupata wapi?

Tangu 12 Januari 1858 mirathi yote iko chini ya mahakama ya serikali, na kuna kalenda ya kila mwaka ya kutafutia. Kabla ya hapo ilikuwa kazi ya mahakama za kanisa, na hapo dayosisi ndiyo inayokuelekeza. Derbyshire ilikuwa chini ya askofu wa Lichfield, kwa hiyo wosia wa mkulima wa Eyam huutafuti Derbyshire bali Staffordshire, zilikohifadhiwa nyaraka za dayosisi hiyo. Wenye mali katika dayosisi zaidi ya moja walipitia mahakama za maaskofu wakuu, Canterbury au York. Pamoja na wosia, hasa wa kabla ya 1750, kuna orodha ya mali ya marehemu iliyoandikwa na majirani chumba kwa chumba: kitanda, sufuria, ng'ombe wawili, marundo ya nyasi kavu, deni analodai.

Nataka historia ya kijiji chenyewe, si ya ukoo tu.

Anza na ramani. Sheria ya 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha taslimu, kwa hiyo sehemu kubwa ya vijiji ilipimwa: kila kipande cha ardhi kina namba, mmiliki, mpangaji, jina la shamba, matumizi na ukubwa. Ramani hizo za zaka zilinganishe na zile za baadaye za Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali, na utaona nyumba zikizaliwa na kufa. Wanaopenda kwenda mbali zaidi watakikuta kijiji katika kitabu cha kodi cha 1086, Domesday, kwa jina la Aiune.

Kisha fuata riziki ya watu. Eyam iliishi kwa kuchimba risasi, ile metali nzito ya mabomba na mapaa, na Derbyshire ilikuwa na desturi ya ajabu: mtu aliyegundua mshipa wa madini aliweza kudai haki ya kuuchimba, mradi atoe fungu la kumi na tatu kwa mfalme au mwenye haki hiyo. Migogoro iliamuliwa na mahakama ya wachimbaji wenyewe, Barmote, na vitabu vyake vimejaa majina ya watu wa kawaida. Shule nazo: kuanzia miaka ya 1860 walimu wakuu walitakiwa kuandika shajara. Humo utasoma kwamba darasa limebaki tupu kwa sababu ya kukusanya nyasi, au shule imefungwa kwa surua. Magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni yatakupa ajali za machimboni, kesi za kuwinda sungura bila kibali na mashindano ya mboga.

Babu yetu Mwingereza aliishi Afrika Mashariki. Tutamrudishaje kijijini kwake?

Tafuta kwanza orodha za abiria wa meli waliotoka bandari za Uingereza, 1890 hadi 1960, zilizohifadhiwa kwenye Hifadhi ya Taifa, Kew, London, na kupatikana mtandaoni. Zina umri na kazi, na kuanzia miaka ya 1920 huwa na anwani ya mwisho aliyoishi. Anwani hiyo ndiyo mlango wa kijijini. Kalenda ya mirathi niliyoitaja hutaja pia waliofia Nairobi au Tanga wakiwa wameacha mali Uingereza. Wamisionari wa UMCA (misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati), waliojenga kanisa kuu la Mkunazini Unguja, nyaraka zao ziko Oxford. Walioanguka vitani utawakuta kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917, ambayo inatunza makaburi hadi Dar es Salaam na Tanga. Kumbuka tu kwamba faili nyingi za askari wa kawaida wa Vita vya Kwanza ziliteketea London katika mashambulizi ya ndege ya 1940.

Kama baba hakutajwa popote, kipimo cha DNA ndicho kinachobaki. Baadhi ya Wakenya waliozaliwa na wanajeshi wa Kiingereza maeneo ya Nanyuki wamepita njia hiyo, wakaunganishwa na ndugu waliopima Uingereza, na mahakama ya London ikathibitisha baba zao.

Njia ya kati ya Uingereza na Afrika Mashariki ilikuwa na wasafiri wa upande mwingine pia. Chuma na Susi, waliobeba maiti ya Livingstone kutoka bara hadi pwani, waliletwa Uingereza mwaka 1874 baada ya mazishi, wakamsaidia Horace Waller kufafanua shajara za marehemu. Waller ndiye aliyekuwa mchungaji wa kijiji cha Twywell, Northamptonshire. Anayeandika historia ya kijiji hicho bila kuwataja hao wawili ameiacha nusu.

Kipimo cha DNA kinatosha peke yake?

Hapana. Asilimia za "wewe ni Mwingereza kiasi hiki" ni za kufurahisha mezani. Kinachofaa ni orodha ya ndugu mnaolingana, na hao bado utawapanga kwa karatasi. Jiandae: kipimo huibua siri, na siri hiyo pengine ni ya mama yako, si yako.

Ukoo wetu una nembo gani?

Kwa uwezekano mkubwa, hauna. Nembo Uingereza hupewa mtu na kizazi chake, si jina la ukoo. Zile zinazouzwa kwenye vikombe madukani ni za mtu mwingine mwenye jina kama lako.

Ni lazima nilipe?

Mwanzoni hapana. Tovuti ya FamilySearch, ya kanisa la Wamormoni, ni bure. FreeBMD (vizazi, ndoa na vifo vya usajili wa serikali) na FreeREG (rejista za parokia) ni kazi ya watu wanaojitolea, nazo ni bure. Orodha ya Ofisi Kuu ya Usajili unaitafuta bure ukijisajili, na ina jina la awali la mama tangu 1837. Unalipia cheti au picha yake tu. Ancestry na Findmypast ni za kulipia, lakini maktaba nyingi za umma Uingereza huzitoa bure kwa anayekaa kwenye kompyuta yao. Miti ya ukoo iliyowekwa na watu wengine ichukue kama fununu ya kufuatilia. Nimeona mmoja ambamo mama alizaa akiwa na miaka sita, na mamia wameunakili bila kuuliza.

Nikienda kijijini nifanye nini?

Usimgongee mchungaji ukitaka rejista. Vitabu vya zamani vya Eyam viko kwenye hifadhi ya kaunti, Derbyshire Record Office, mjini Matlock. Angalia masharti yao na uweke nafasi kabla ya kusafiri. Kijijini nenda kwa ajili ya makaburi, msalaba wa mawe wa zama za Wasaksoni uliopo uani kwa kanisa, jumba la makumbusho, na yale makaburi ya Riley yaliyozungukwa na ukuta mdogo shambani. Jumapili ya mwisho ya Agosti kuna ibada ya kumbukumbu ya tauni.

Mawe ya makaburi yapige picha asubuhi au jioni jua likiwa upande, herufi zilizofutika zitasomeka. Usiyasugue kwa brashi ya waya wala kuyapaka chaki au unga. Piga pia majirani wa kaburi lako, maana ndugu walizikwa karibu karibu. Na taarifa za walio hai, tarehe zao za kuzaliwa na majina ya watoto, usiziweke mtandaoni bila ruhusa yao.